Yai nimeshalimenya halafu unalichukua?? Hii loji ya Dodoma mnayoijua wote imenishinda

Mwalimu wa Zamu

Wakuu natetemeka hapa na sio malaria, ni hasira. Tukio halijamaliza hata nusu saa. Sitaitaja hiyo loji sitaki kesi, ila yeyote aliyewahi kuja Dodoma kufuatilia faili anaijua, ile yenye kibao kikubwa kuliko jengo lenyewe, na yule mama wa jikoni anayeishi kwa saa ya ukutani mnamjua, msijifanye.

Nimefika juzi jioni kutoka Kahama, uhamisho wangu umekwama mwaka wa pili sasa. Chumba elfu 45, nikaambiwa hapo mapokezi bei ni pamoja na chai. Pamoja na chai! Mlangoni kwangu kuna karatasi imebandikwa kwa selotepu, CHAI NI SAA 1 HADI SAA 4 ASUBUHI. Nikasema sawa, watu wanaojielewa hawa.

Jana saa moja kamili nipo mezani nimeoga nimepiga pasi, maana ofisi za serikali zinafungua saa moja na nusu na huko Mtumba sio hapo nje, unapanda gari unakwenda. Jikoni giza. Hata panya hayupo. Mlinzi ndio akanionea huruma akaniambia mwalimu, chai hapa ni saa mbili. Nikaondoka na tumbo linaongea, nikanunua maandazi mawili barabarani, moja lilikuwa la juzi.

Leo ofisa kaniambia nirudi saa sita, nikasema Mungu mkubwa, leo nakunywa chai ya leo na ya jana. Nimeingia saa 3:10. Chapati mbili zimekauka unaweza kuezekea banda, chupa ya chai ya maziwa, tikiti limekatwa jembamba mpaka unaona ng'ambo, na hotipoti lina mayai mawili. Nikachukua yai nikalimenya taratibu, ganda likatoka lote bila kung'ang'ania nyama, nikanyunyiza chumvi, nikageuka kumimina chai.

Yule mama akaangalia ukutani. "Saa tatu na nusu. Tunafunga." Simu yangu inasoma 3:17!! Saa yake imetangulia dakika 13, yupo mkoa mwingine huyo. Kabla sijafungua mdomo akachukua yai kwenye sahani yangu. Yai langu. Limemenywa. Lina chumvi. Akalirudisha kwenye hotipoti akafunika.

Namwambia mama mlango unasema saa nne. Ananijibu hiyo karatasi ya zamani, bosi kabadilisha. Lini? Juzi. JUZI NDIO NIMEFIKA MIMI. Walibadilisha waliponiona nashuka kwenye bodaboda au?

Limemenywa jamani.

tunda_kavu

Hahahaaa "lina chumvi" 😂😂😂 pole mkuu, mgeni wa kesho atakuta yai limeshaungwa kabisa, huduma imeboreshwa hiyo.

kichwa ngumu

Mwalimu mzima unafungua uzi kwa ajili ya yai. Yai la kuchemsha barabarani mia tano na kachumbari unawekewa. Ungetoka nje ukanunua maisha yakaendelea.

Mwalimu wa Zamu

Kichwa ngumu wewe ni kichwa ngumu kweli. Sio mia tano! Ni kwamba nilishalimenya. Kulichukua yai zima naweza kukuelewa, ni stoo, ni hesabu zako, ila yai lililotoka kwenye kucha zangu unalirudisha kwa watu? Na ule mfuniko alivyoubonyeza, taratibu, huku ananiangalia usoni.

BintiPangani

Huyo mama namjua jamani!! Mwaka jana nilikuwa hapo na mama yangu mzazi tumekuja mambo ya mirathi, mama akaomba kikombe cha pili cha chai ameze dawa, akaambiwa kikombe kwa kichwa. Mtu wa miaka 70. Mpaka leo tukipika chai nyumbani mama anauliza, kwa kichwa au kwa kikombe?

Mzee wa Kahawa

Poleni wanangu. Mimi mwenyeji hapa. Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 kila aliyekuwa na vyumba sita vya wapangaji kaviwekea vigae na kibao, hakuna aliyewahi kupokea mgeni zaidi ya shemeji yake. Sasa wateja wao wengi ni watu wa ofisini, wanatakiwa kuwa kazini saa moja na nusu, wewe unaweka chai saa mbili, unamwekea nani? Chai ya namna hiyo haitakiwi kunywewa, inatakiwa kuandikwa kwenye risiti. Na subirini Aprili bunge la bajeti lianze, bei ya chumba inapanda na hilo yai linakatwa mara mbili kwa uzi.

Mwenye Vyumba Nane

Naomba niseme kitu kama mtu wa hii biashara, sio huko Dodoma, nipo Singida. Mnaona ni rahisi. Mpishi wangu anaamka usiku ndio awahi daladala ya kwanza, akifika ni saa kumi na mbili na nusu, achemshe maziwa, apike chapati, wageni ni watu 11 na jiko ni moja. Na yule yule mnayemwona anamimina chai ndiye anayebadilisha mashuka, mezani asipofunga saa tatu na nusu vyumba havifanyiwi usafi mpaka saa saba, na mgeni mpya kashafika na begi lake anakaa mapokezi kanuna. Mimi nilichofanya, jioni daftari linapita, kila mgeni anaandika kesho anakunywa chai saa ngapi. Anayeondoka alfajiri anachemshiwa mayai usiku, anafungiwa na chapati na ndizi kwenye mfuko, anapewa na mlinzi. Gharama yake ni mfuko tu. Sasa hilo la kuchukua yai lililomenywa hata mimi siwezi kulitetea.

tunda_kavu

KUMBE NI WEWE BOSI 😂 rudisha yai la mwalimu.

kichwa ngumu

Ndio yeye huyu, Singida wapi. Angalia anavyolielewa hilo yai kwa undani.

Mwenye Vyumba Nane

Nimesema nipo Singida!! Mtu akisaidia anakuwa mwizi wa yai?

Mwalimu wa Zamu

Bosi wa Singida nakushukuru, hilo daftari ndio ustaarabu. Mimi sikuomba bafe la soseji. Kama chai ni saa mbili andika saa mbili, nitajipanga. Kama mmebadilisha nendeni mlango kwa mlango mtoe hizo karatasi, selotepu mlikuwa nayo ya kubandika ya kubandulia hamna? Halafu saa rekebisheni, betri hata dukani kwa Mangi ipo. Mtu analipa, anawahi, anamenya, halafu anapokonywa. Nilibaki nimeshika maganda. Mama alichukua yai akaniachia maganda!!

Nyamizi

Hapo kwenye karatasi mmenikumbusha. Mjomba wangu kutoka Tabora alipelekwa semina Unguja, hoteli karatasi wameandika kwa saa za Kizungu 7 - 10 maana wageni wao wengi watalii. Mjomba akasoma saa saba mpaka saa kumi. Akakaa chumbani anafunga kama Ramadhani, saa saba mchana kashuka amevaa suti anaulizia chai. Wakamwambia mzee ilishaisha, akasema haiwezekani nimewahi! Siku tatu hakuna aliyemwelewesha.

BintiPangani

Na huko Unguja boti ya kwanza ni saa moja asubuhi na chai wanaanza kuandaa saa moja hiyo hiyo. Kila siku watu wanapanda boti na njaa halafu bahari ikichafuka unatapika maji matupu. Mimi sikuhizi nalala na boflo kwenye pochi.

Mzee wa Kahawa

Boflo la kwenye pochi 😄 hapo umefanya la maana binti yangu.

Konda Msomi

Nyie mnalia mayai ya loji, bado hamjalia. Hebu tuongelee hizi hoteli za njiani mabasi yanaposimama. "Abiria dakika kumi!" Watu 57, choo kimoja, foleni ya chipsi inazunguka gari. Ukifika mbele honi inalia. Mimi nilikuwa konda miaka sita nawaambia ukweli, dereva na konda wanakula bure chumba cha nyuma, kuku mzima na supu, ndio maana basi linasimama pale pale na sio pengine. Dakika kumi zinaanza kuhesabiwa dereva akishanawa mikono.

kichwa ngumu

HAPO SASA. Huu ndio ulitakiwa uwe uzi. Kuna sehemu moja ukishapita Morogoro, mnaijua, paja la kuku limekaangwa mpaka huwezi kujua ni paja au ufunguo wa geti.

Nyamizi

Mimi niliachwa hapo!! Basi liliondoka na mtoto wa dada yangu na begi, mimi nimeshika chipsi. Nikapanda bodaboda kulifukuza, jamaa anakimbiza mpaka kofia imeruka, tumelikuta kwenye mizani limepanga foleni. Konda ananiambia dada si nilisema dakika kumi.

Konda Msomi

Sio mimi huyo naapa 😂

tunda_kavu

Na chai ya njiani je? Maji ya moto yana picha ya jani la chai.

Mwalimu wa Zamu

Wakuu tusiondoke kwenye mada. Lilikuwa limemenywa.

BintiPangani

Mwalimu tumekuelewa. Konda, hivi haya mabasi ya usiku yaliyoruhusiwa 2023 nayo yanasimama kula? Saa nane usiku mtu anakula chipsi?

Konda Msomi

Yanasimama vizuri tu. Tena usiku ndio wanamaliza kuku wa mchana.

Mzee wa Kahawa

Mwalimu faili lako limepatikana lakini? Maana uliambiwa saa sita.

Mwalimu wa Zamu

Shikamoo mzee. Ofisa hayupo, yupo kikaoni, nirudi kesho saa mbili. Nimezunguka loji nne zote zimejaa, kuna mkutano mjini. Nimelipia tena pale pale elfu 45 pamoja na chai. Nimemuuliza dada wa mapokezi kesho chai saa ngapi, kanijibu "mpaka mama aje".

kichwa ngumu

Konda nijibu, ile sehemu ya Morogoro mahindi ya kuchoma bado yapo? Napita Jumamosi.