Mjadala: Eti mkware akipata mwanamke makini hutulia?

Kipanga: Hizi hadithi za mapenzi za Uingereza ya 1811 hadi 1820, enzi mwana wa mfalme akishika madaraka kwa sababu baba yake, George wa Tatu, alirukwa na akili, zina mtindo mmoja. Bwana mkubwa kachafua jina mji mzima, binti makini hamtaki, mwisho anamtuliza. Wa kweli hawa hapa: Lord Byron, yule mshairi, na Annabella Milbanke. Kamposa 1812, kakataliwa. Karudi 1814, kakubaliwa. Ndoa Januari 1815. Januari 1816 mama kabeba kichanga kaondoka. Mkware wa kutulizwa yupo kweli?

Binti Makorora: Mara ya kwanza alikataa akiwa na akili zake. Mara ya pili akajiona yeye ndiye dawa. Haya.

Mzee Kobe: Msimwonee binti. Mshenga wa ile posa ya kwanza ni Lady Melbourne, dada wa baba yake. Na huyohuyo ni mama mkwe wa Caroline Lamb, hawara wa Byron mwaka uleule! Siri zote anazo. Ndiyo maana nasema mashangazi ndio wavunja ndoa za watu.

Mama Shufaa: Kobe, mimi ni shangazi na nimeozesha. Mwanamume mzima, kalamu yake, miguu yake, bado mwenye kosa ni shangazi?

Kiberiti: 😂😂 Kobe katoa kichwa, kala kofi.

Mzee Kobe: Nilimaanisha mashangazi wa kule.

Mama Shufaa: "Wa kule" umeiandika wapi? Rudi usome.

Kipanga: Jamani, swali langu...

Mwalimu wa Zamu: Mnasahau madeni. Nyumba yao ya Piccadilly iliwekewa mtu wa mahakama akakaa humohumo kwa ajili ya wadai, na mke ana mimba kubwa. Binti yao Ada kazaliwa Desemba. Na sheria ya siku hizo: usipofunga mkataba mapema, mali yako ni ya mume. Mtoto ni wa baba. Talaka ya kuweza kuolewa tena mpaka Bunge likutungie sheria yako peke yako. Binti akisitasita mnamwita mwenye maringo!

Kiberiti: Si mtoto alilelewa na baba yake huko Ugiriki?

Mwalimu wa Zamu: Wapi! Byron aliondoka Uingereza Aprili 1816, hakumwona tena, akafia Ugiriki 1824. Mama ndiye aliyemtafutia Ada walimu wa hesabu. Mama mwenyewe hesabu alizipenda tangu usichana.

Kiberiti: Aaa, kumbe! Unarudi saa nane usiku, mke anajumlisha, anatoa, anabakiza. Hata mimi ningekimbilia Ugiriki.

Binti Makorora: Nauli yenyewe utamkopa mkeo.

Mama Shufaa: Na asimpe.

Kiberiti: Dada zangu mna hasira na mimi au na Byron?

Binti Makorora: Byron angalau aliandika mashairi.

Mzee Kobe: Tuache utani. Mshenga anayejua uchafu wa mposaji, aseme au anyamaze? Mama Shufaa, jibu hilo.

Mama Shufaa: Kwanza waombe radhi mashangazi. Wa huku na wa kule.

Mzee Kobe: Siombi. Lady Melbourne alijua!

Mama Shufaa: Basi kamwulize yeye.