Waya wa antena nyuma ya nyumba: mvumo unaingilia wapi?

Msikilizaji wa Kiamunyi

Hamjambo, wapenzi wa masafa mafupi. Ninaishi Kiamunyi, Nakuru, katika kiwanja cha futi 50 kwa 100, na kwa miezi mitatu sasa nimejaribu kusikiliza stesheni za mbali katika bendi (mafungu ya masafa) za mita 31 na mita 25 bila mafanikio. Nilifunga waya wa mita 25 unaoanzia dirisha la sebule, ukapita juu ya mabati hadi kwenye mkaratusi ulio pembeni mwa ua. Redio yangu ni ndogo, lakini ina tundu la antena ya nje. Kinachonishangaza ni kwamba tangu niufunge waya huo mvumo umezidi ule wa awali, nilipotumia antena ya redio yenyewe. Ifikapo saa moja jioni mngurumo usiokatika humeza kila kitu. Je, niurefushe waya, au kosa liko kwingine?

Fundi wa Mamboleo, Kisumu

Ndugu, tafadhali usiurefushe. Waya haubagui: huchukua matangazo na kelele kwa pamoja, na sehemu ya waya wako iliyo karibu zaidi na kelele ni hiyo inayoanzia dirishani na kupita juu ya paa. Balbu za LED, chaja za simu, televisheni na kidhibiti cha sola hukata na kuwasha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na mikato hiyo huzaa mawimbi yanayotambaa katika nyaya za nyumba nzima. Kabla ya kununua chochote, tumia redio kwa betri, zima swichi kuu ya nyumba, kisha usikilize. Mvumo ukishuka, chanzo kiko kwako. Ukibaki vilevile, unatoka kwa majirani. Na siku stima ikipotea mtaa mzima, iwahi redio yako kabla hujawasha mshumaa, kwa maana hapo ndipo utakapojua bendi zenu zilivyo tulivu kwa asili.

Baada ya hapo, hamisha mwanzo wa antena. Chagua pembe ya ua iliyo mbali na nyumba na mbali na waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo; upandishe waya wako mita 5 au 6 kwenda juu, kisha uulaze kuelekea mti. Jumla ya mita 15 inatosha. Chini yake pigilia fimbo ya shaba ya mita 1.2, na papo hapo uweke transfoma ndogo iliyosukwa kwenye pete ya feraiti (kauri nyeusi yenye chuma): mizunguko 9 upande wa antena na fimbo, mizunguko 3 upande wa kebo, na pande hizo mbili zisiungane popote. Uwiano huo wa 3 kwa 1 hugawanya ukinzani kwa 9, hivyo waya wenye ohmu mia kadhaa hukaribiana na kebo ya dishi ya televisheni, ambayo ni ya ohmu 75 na ni rahisi kuipata madukani. Ninasisitiza kutoungana huko kwa sababu kelele ya nyumbani husafiri juu ya ngao ya kebo, yaani wavu wake wa nje wa chuma, na ikiikuta ngao imeshikana na antena, hupita bila kizuizi. Ifukie kebo sentimita 20 hivi, na kabla haijaingia ndani izungushe mara 10 kwenye pete nyingine ya feraiti.

Mwalimu wa Kakamega

Maelezo ya Fundi ni sahihi, ila hakutaja radi, na sisi wa magharibi hatuwezi kuinyamazia. Fimbo ile ya shaba haitakulinda radi ikipiga. Chomoa kebo kila umalizapo kusikiliza na uiache ncha yake nje ya ukuta. Usingoje kusikia ngurumo ndipo ukimbilie kuichomoa. Aidha, mikwaruzo ya ngurumo za mbali haiondolewi na transfoma yoyote, nayo huwa mikali zaidi katika bendi za chini, zile zenye mita nyingi, kwa hiyo jioni za mvua mimi huiacha mita 49 na kupanda hadi mita 19 au 25.

Ukikosa mti wa pili, tandaza waya wa mita 18 juu ya nyasi kwa umbo la mraba, kila upande mita 4.5, ukitumia transfoma ya namna hiyo bila fimbo. Stesheni zitasikika kwa udhaifu, lakini kelele kwa kawaida hudhoofika zaidi, na tofauti hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Msikilizaji wa Kiamunyi

Nawashukuru nyote. Jana usiku nilizima swichi kuu na mngurumo ukashuka mara moja. Nilipowasha kifaa kimoja kimoja niligundua kwamba ulitoka kwenye chaja ya kompyuta na balbu mbili za jikoni. Kumebaki mdundo mkavu, mmoja kila sekunde hivi, ambao haukubadilika hata umeme wangu ulipozimwa.

Fundi wa Mamboleo, Kisumu

Huo ni mdundo wa uzio wa umeme, ndugu, na kusikika kwake kwa ukali namna hiyo kwa kawaida humaanisha kwamba waya wake unarusha cheche mahali fulani, ama kwenye majani yanayougusa ama kwenye kihami (kishikizo kisichopitisha umeme) kilichopasuka. Mwendee jirani kwa heshima, mkaukague pamoja. Naye atafaidika, kwa kuwa uzio unaovuja umeme haulindi inavyotakiwa.