Naombeni ushauri: mashahidi wa viwandani Uingereza 1832, niwaamini?

Mwl wa Mkoani: Wakuu habari za saizi. Nafundisha historia kidato cha sita, tupo mapinduzi ya viwanda. Kamati ya bunge ya Michael Sadler, 1832, ilisikiliza wafanyakazi, mfano Elizabeth Bentley wa Leeds, kaanza kiwandani ana miaka 6, kazi zikibana ni saa 11 alfajiri mpaka saa 3 usiku. Ila hawakuapishwa, na Sadler mwenyewe alikuwa anapigania sheria ya kazi isizidi saa 10 kwa siku. Ushahidi huu unafaa kweli? Nimekwama, hata usingizi sipati.

Kisiki: Mama yangu kafanya kiwanda cha nguo miaka ya themanini. Kwa meneja wake pale palikuwa peponi, kamuulize mama kifua chake kikoje.

Chaki Nyeupe: Pole mwalimu, ila usingizi unakosaje kwa swali la notisi? Sema yote.

Mwl wa Mkoani: Haya. Kwenye notisi nilishaandika wale mashahidi ni waongo, nikategemea kitabu cha Andrew Ure cha 1835 kinachosema watoto walikuwa wachangamfu kazini. Kopi nimeshatoa, wanafunzi 64 wamenunua. Lakini Ure alikuwa mkemia, msomi, viwandani kaenda mwenyewe, sijamuokota.

Bi Mkubwa: Kaenda kama mgeni wa nani, wa mtoto anayeokota pamba chini ya mashine au wa mwenye mashine? Kitabu kizima kinatetea viwanda. Na hela za watoto wa watu umekula, mwogope Mungu.

Mpekuzi: Hii chai. Shule zimefungwa, huyu ni mwanafunzi anatafutiwa homuweki.

Kisiki: Hata mi nashangaa, siku hizi kopi nani ananunua, si wanatumiana kwenye simu.

Mwl wa Mkoani: Kidato cha sita wapo kambi jamani, na simu hawaruhusiwi!

Chaki Nyeupe: Chai au sio chai, swali ni la maana. Wenye viwanda nao walilalamika hivyohivyo, ikaundwa tume 1833, makamishna wakaenda viwandani, watu wakaapishwa. Tume ikamkosoa Sadler, ila nayo ikakuta watoto wanapiga saa zilezile za watu wazima. Mwaka huohuo sheria ikatoka, chini ya miaka 9 marufuku viwanda vya nguo isipokuwa hariri. Sasa Bentley uongo wake uko wapi?

Mwl wa Mkoani: Neno waongo nalifuta, ukurasa wa 7 nauandika upya leo. Ure simtoi, nawaweka wote wawili na hiyo tume.

Mpekuzi: Weka picha ya huo ukurasa.

Bi Mkubwa: Na hela zao?