Kochi la mtu mmoja la bei nafuu kwa fleti yangu ya kwanza: nichukue au niache?

Mpangaji Mpya (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Nimehamia fleti yangu ya kwanza wiki tatu zilizopita. Chumba kimoja, sebule ndogo, jiko la kugeukia. Samani nilizonazo ni kitanda, kabati la nguo na boksi la televisheni nililoligeuza meza (televisheni yenyewe iko sakafuni). Nakula kitandani, nasoma kitandani, naongea na simu kitandani, na ukifika usiku wa kulala usingizi hauji. Nadhani mwili umeshindwa kuelewa kile kitanda ni cha nini.

Sasa kuna kochi la mtu mmoja nimeliona dukani. La kitambaa, kijivu iliyokolea, mikono mipana, miguu ya mbao. Bei yake ni kama theluthi ya makochi mengine yaliyopangwa pale pale, na hapo ndipo wasiwasi ulipoanzia. Nimelikalia dakika mbili hivi, likanipokea vizuri tu. Muuzaji anasema ni ofa, ubora ni uleule. Rafiki yangu anasema rahisi ni ghali, nisubiri nikusanye pesa ninunue la maana.

Pesa ya kulinunua ninayo, ila nikishalinunua mwezi huu sigusi kitu kingine. Kwa mliowahi kununua la bei hizi, lilidumu? Na mtu asiyejua kitu kama mimi anaangalia nini?

Ngamba

Dakika mbili? Mkuu, hata viatu tunajaribu kwa muda mrefu kuliko huo. Rudi ukae dakika 20, na ukae kama unavyokaa nyumbani, usikae kama mtu aliyeitwa kwenye usaili. Kama wewe ni wa kukunja miguu juu, kunja. Muuzaji akikukodolea macho, na wewe mkodolee.

Nenda na futi kamba. Kutoka sakafuni hadi juu ya kikalio, sentimita 42 hadi 46 zinawafaa watu wengi. Kutoka ukingo wa mbele hadi kwenye egemeo, 50 hadi 55. Kikalio kikizidi urefu wa paja lako, ama mgongo hautafika kwenye egemeo ama miguu itaning'inia, na hapo hakuna ofa itakayokusaidia.

Kona ya Ukuta

Mimi ningenunua viti vinne vya plastiki, nikabaki na chenji. Mgeni akija na wewe una kochi moja, mtapeana zamu?

Mpangaji Mpya

Mgeni atakaa kitandani. Mimi nimeshakikalia vya kutosha.

Fundi Tindo

Mleta uzi, hiyo bei peke yake haikwambii kitu. Nimefumua makochi ya bei mbaya nikakuta ndani takataka tupu, na nimefumua ya bei ya kawaida nikakuta mbao safi. Kitambaa ndicho kinachouza kochi, lakini kitambaa ni nguo tu. Unachonunua ni fremu, kile kinachobeba uzito chini ya kikalio, na sponji.

Anza na fremu. Shika pembe moja ya mbele, inua mguu kama sentimita 15 kutoka sakafuni. Mguu wa pili wa mbele unatakiwa kuufuata karibu hapo hapo. Ukiona huku umeinuka na kule bado umeganda sakafuni, ujue fremu inajipinda, na fremu inayojipinda ikiwa mpya dukani haitajinyoosha ikifika kwako. Kisha kamata mikono ya kochi, iyumbishe kulia na kushoto. Usikie kimya. Mlio ni kiungo kilicholegea.

Halafu lipindue. Usione aibu, wanaojua kununua wote hulipindua. Chini utakuta kitambaa chepesi cheusi cha kuzuia vumbi kilichobanwa kwa pini za stepla. Mwombe muuzaji akubandulie pembe moja tu, umulike ndani kwa tochi ya simu. Tazama pembeni: je, pana kipande cha mbao kilichokatwa pembetatu, kikapigwa gundi na skrubu? Au mbao zimekutanishwa zikapigwa stepla basi? Mbao ngumu ni nzuri, plaiwudi nene ni nzuri pia, wala usiidharau. Ile bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa ndiyo ya kuogopa, hasa mahali mguu unaposhika, kwa sababu skrubu ikishalegea mara moja haishiki tena.

Chini ya kikalio utakuta ama springi zilizopindwa kama nyoka, ama mikanda. Watu hudhani mikanda ni ubahili. Si kweli. Mikanda iliyosukwa kwa kupishana na kuvutwa ikakaza hubeba mtu miaka. Ubahili ni mikanda mitatu iliyotawanywa upande mmoja tu.

Sasa sponji, na hapa ndipo watengenezaji wa makochi ya bei nafuu wengi wanapobania pesa. Watu hubonyeza kwa kidole wakasema "gumu, safi". Ugumu na uzito wa sponji ni vitu viwili tofauti. Kuna sponji ngumu nyepesi, ambayo leo inakurudisha juu na baada ya miezi kadhaa imeacha shimo lenye umbo lako. Uzito ndio unaokwambia itadumu. Ya kukalia ningependa iwe kuanzia kilo 28 hadi 35 kwa mita moja ya ujazo. Ikishuka chini ya 20, hiyo ni ya egemeo la mgongo, haifai kukaliwa kila siku.

Mpangaji Mpya

Fundi, asante sana. Ila hizo kilo kwa mita ya ujazo nitazijuaje? Kibandiko cha kochi kimeandika "sponji bora" na hakina zaidi.

Fundi Tindo

Kama takia linatoka, lipime. Kweli kabisa, beba mzani. Mfano takia la sentimita 50 kwa 50, unene 12: hizo ni mita za ujazo 0.03. Likiwa na sponji ya kilo 30, litakuwa na uzito wa gramu 900 hivi. Likiwa na ya kilo 18, gramu 540. Tofauti hiyo hata mkono unaihisi, lakini mzani haubishani na muuzaji.

Kama takia limeshonewa humo humo na halitoki, ningesita. Lisilotoka huwezi kuligeuza, wala kulifua foronya, wala kulibadilisha ndani bila kumwita mtu kama mimi.

Nyuki Mzee

Kwa nini mnahangaika na jipya? Kwa pesa hiyohiyo unapata lililotumika, lenye fremu ya zamani ya mbao nzito, lililogharimu mara tatu yake siku ya kwanza. Langu nililinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Nililibadilisha kitambaa tu, na huu ni mwaka wa saba.

Kona ya Ukuta

Na mimi nilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Nikahamisha na kunguni wake.

Bila utani, ukinunua lililotumika mulika kila mshono, kila mkunjo, na chini ya kile kitambaa cheusi alichosema fundi. Tafuta vidoa vyeusi vidogo kama ncha ya kalamu na maganda ya rangi ya kahawia. Usidanganywe na "limekaa stoo muda mrefu", kunguni hukaa miezi bila kunyonya damu. Joto linawaua, ila lazima lifike nyuzi 50 za selsiasi huko ndani kabisa walikojificha, lidumu. Kulianika kochi juani mchana mmoja ni kuwaotesha jua tu. Mimi niliishia kulitupa, na godoro nikalipoteza juu yake. Sitaki hata kulikumbuka.

Nyuki Mzee

Pole, ndugu. Hapo sina ubishi. Mimi nililimulika kabla ya kulipa, nikalifumua lote kabla halijavuka mlango. Asiye na moyo huo anunue jipya.

Sindano na Uzi

Naongezea upande wa nguo, maana fundi ameipita mbio. Umesema ni kitambaa, na hiyo ni heri. Makochi mengi ya bei nafuu yanayoitwa "ya ngozi" ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa. Kukiwa na joto na unyevu ile plastiki huoza taratibu, inaanza kupasuka pale kichwa kinapoegemea na kwenye mikono, kisha inabanduka magamba. Haishoneki wala haipakiki.

Kwa kitambaa, uliza kama kuna kipimo cha msuguano cha Martindale. Kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani, mizunguko 15,000 hadi 25,000 ya kusuguliwa inatosha. Wasipokijua, vuta kitambaa kwenye mshono kwa vidole viwili: ukiona nyuzi zinaachana na mwanga unapita, ukikaa kwa nguvu siku moja kitafunguka. Na uangalie kama foronya ina zipu, siyo zipu ya urembo ya sentimita kumi. Ipo, niliwahi kuiona.

Mpangaji wa Tatu

Swali ambalo hakuna aliyeuliza: kompyuta utaitumia wapi? Maana nilifanya kosa hilo. Nilinunua kochi nikijiambia nitapumzika na kufanya kazi hapo hapo. Kochi la kupumzikia linakulaza nyuma, kazi inakuvuta mbele, kwa hiyo shingo ndiyo inayolipa. Kama una pesa ya kiti kimoja na kazi unafanyia nyumbani, kiti cha mezani kwanza.

Mpangaji Mpya

Kazi nafanyia kazini, namshukuru Mungu. Hili ni la jioni: kusoma, kula, kuangalia ukuta.

Mpangaji wa Tatu

Basi endelea. Ila kabla ya kulipa pima mlango, upana ule unaobaki ukiwa umefunguliwa, na ngazi mahali zinapokata kona. Halafu bandika utepe wa gundi wa karatasi sakafuni kwa vipimo vya kochi, uishi nayo siku mbili. Acha angalau sentimita 60 za kupita.

Mpangaji Mpya

Nimerudi wakuu, na mrejesho mrefu kidogo.

Nilikaa dakika 25. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama naumwa. Urefu wa kikalio 44, kina 53, mgongo umefika, miguu imekanyaga. Nimeinua mguu wa mbele, mwenzake umefuata. Nimeyumbisha mikono, kimya. Kupindua kulileta maneno kidogo, lakini kijana wa stoo akanisaidia. Ndani ni plaiwudi nene, pembe zote nne zina pembetatu zenye skrubu, mikanda imesukwa. Miguu inafunguka kwa kuzungusha.

Takia linatoka, zipu ni ya kweli. Nilibeba mzani wa kuning'iniza mizigo wa jirani. Takia ni 55 kwa 52, unene 12. Uzito pamoja na foronya: gramu 610.

Nimeanza kuhesabu, sijapenda ninachokiona.

Fundi Tindo

Uko sahihi kutokupenda. Ujazo ni kama mita za ujazo 0.0343, gawanya unapata kilo 17.8 hivi kwa mita ya ujazo. Toa foronya, tuseme gramu 100, umebaki na 15. Ndiyo sababu ya ile theluthi. Wamekula kwenye sponji.

Lakini usikate tamaa, hiyo kwangu ni habari njema. Ingekuwa sponji nzuri na fremu ya bodi ya unga, ningekwambia ukimbie. Sponji ya takia moja hukatwa ndani ya saa moja, fremu haibadilishwi. Uliza bei ya kipande cha kilo 30 kwa vipimo hivyo, ijumlishe na bei ya kochi, kisha linganisha na yale mengine ya pale dukani. Kikatwe kimezidi foronya sentimita moja hivi kila upande, kivishwe tabaka jembamba la pamba ya polista, takia litajaa na halitacheza ndani. Sponji ya zamani usiitupe, inafaa kuegemea.

Kwenye bei usiseme kochi lake bovu. Mwambie umelipenda, umepima takia, itabidi ubadilishe sponji, je, anakusaidiaje?

Kona ya Ukuta

Mtu alikuja kuuliza kochi, sasa anapima ujazo dukani. Jukwaa hili lina kazi.

Mpangaji Mpya

Nimejumlisha. Kochi na sponji mpya havifiki hata nusu ya bei ya lile la jirani yake. Muuzaji amepunguza kidogo, siyo nilivyotarajia, ila ametoa usafiri bure. Nimelipa. Mlango wangu ni 76, kochi upana wake 74, kwa hiyo miguu inafunguliwa na tunamwomba Mungu.

Zile tepe za gundi za sakafuni zina siku ya tatu, nimejikuta nazizunguka kana kwamba kochi liko pale.

Mpangaji Mpya

Limeingia. Limekwaruza fremu ya mlango, siyo kochi, kwa hiyo nahesabu nimeshinda mpaka mwenye nyumba atakapoona. Naandika nikiwa nimelikalia. Sponji mpya iko tayari Alhamisi.

Ngamba

Picha?

Mpangaji Mpya

Ngoja niinue televisheni kwanza.