Naomba ushauri: kijana wangu wa dekathloni, abaki Estonia au aende Marekani?

Habari zenu wakuu. Naishi Tartu, Estonia, na mwanangu wa miaka 17 kazama kwenye dekathloni, ile michezo kumi kwa siku mbili. Huku ndiyo mchezo wa heshima tangu Erki Nool achukue dhahabu ya Olimpiki Sydney 2000.

Mwakani anaingia kundi la chini ya miaka 20: tufe linatoka kilo 5 hadi 6, viunzi navyo vinapanda. Kuruka juu kwa upondo, ule mti mrefu, ndiko kunakomtesa. Akikaribia sanduku la kuchomekea upondo anapunguza mbio.

Kocha anasema akimaliza shule atafute ufadhili wa chuo Marekani. Wanadekathloni wa Estonia Maicel Uibo, Karel Tilga na Johannes Erm wote walipitia Chuo Kikuu cha Georgia, na Erm akawa bingwa wa Ulaya Roma 2024 kwa pointi 8764. Mama wa kijana hataki kusikia. Mimi hofu yangu ni vyuo kumkimbiza kila wiki mpaka goti liachie (mwili bado unakua, jamani). Tena jeshi la lazima linamsubiri.

Waliopeleka vijana kwa ufadhili wa riadha: mkataba uliwalinda wakiumia? Na jeshi, atangulize au aahirishe?