Wenye nyumba Dar, mnachukua kodi ya miezi sita halafu mnatukabidhi jalala!

Wakuu habari zenu. Leo nina hasira na naomba mnivumilie.

Nimepata nyumba Tabata, vyumba viwili na sebule. Masharti ni yale yale tunayoyajua: kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye kala ya mwezi mzima kwa kunionyesha geti. Siku naenda kuangalia, mpangaji wa zamani alikuwa bado yumo, vitu vimejaa mpaka koridoni, ukuta wenyewe huuoni. Baba mwenye nyumba akasema kwa kinywa chake kwamba jamaa akitoka tu nyumba itasafishwa na kupigwa rangi. Nikalipa, nikasaini, nikapewa funguo.

Hakuna kilichosafishwa, hata kufagia hawakufagia.

Jikoni nilivuta droo ya chini ya kabati, pembe zote zimejaa vifuko vya mayai ya mende, vya kahawia, vimeng'ang'ania mbao. Wanaojua mende wataelewa kwa nini nilichoka: dawa ya kupuliza inaua wanaotembea, lakini kifuko kinayakinga mayai. Ukipuliza mara moja ukahamia, baada ya wiki chache wamejaa upya, sasa wapo kwenye vyombo vyako. Maana yake nipulize, nisubiri yaanguliwe, nipulize tena, na huku kodi ya nyumba nisiyolala inahesabika.

Maji nayo. Nafungulia bomba, yanatoka na mchanga. Nikamlipa kijana apande kwenye simtanki. Mfuniko umepasuka, ndani tope linafika kwenye kifundo cha mguu, na mjusi kaozea humo. Mji huu maji ni ya mgao, kila nyumba inategemea tanki, halafu mtu anajenga nyumba ya kupangisha, anachukua hela miaka nenda rudi, hajawahi kupandisha mtu juu kuangalia watoto wa wenzake wanapigia mswaki nini!

Kilichonitibua zaidi ni chooni. Nilimtafuta dada mmoja wa usafi nikamlipa. Mimi nikiwa nimetoka kununua brashi, msimamizi wa nyumba akamwambia achanganye jiki na ile asidi ya kusafishia choo ili uchafu utoke haraka. Choo chenyewe kina kidirisha kidogo tu juu. Narudi nakuta dada wa watu kakaa nje kwenye ngazi, anakohoa, macho mekundu, hawezi hata kuongea vizuri. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, inaunguza koo na mapafu. Ndani ya chumba kidogo kama kile inaweza kuua mtu. Naomba hili mlishike na muwaambie wadada wa kazi majumbani: jiki peke yake, asidi peke yake, na ukishatumia moja umwage maji ya kutosha kabla hujagusa nyingine.

Nikampigia baba mwenye nyumba. Jibu lake: "Usafi ni wa mpangaji anayeingia, ndivyo ilivyo siku zote." Nikamkumbusha ahadi yake ya rangi, akakata simu.

Ndivyo ilivyo wapi? Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema anayepangisha nyumba ya kuishi anawajibika iwe inafaa binadamu kukaa tangu mwanzo wa upangaji, na ibaki hivyo. Haisemi mpangaji aje na reki. Tatizo ni kwamba tangu ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ifutwe mwaka 2005, mwenye nyumba anajua huna pa kumkimbilia kwa haraka, na nyuma yako kuna watu wanasubiri funguo hizo hizo. Hata kodi ya jengo, ambayo ni yake yeye mwenye mali, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU na wengi wetu tunailipa sisi bila kurudishiwa. Sasa na kinyesi cha panya alichoachiwa na mpangaji wake nikizoe mimi?

Msimamo wangu ni huu. Risiti zote ninazo: dawa, kijana wa tanki, dada wa usafi na dawa alizonunuliwa hospitali. Picha nilipiga kabla sijagusa kitu. Nataka gharama hizo zikatwe kwenye kodi ya awamu inayofuata na nimemwandikia hivyo kwa maandishi.

Kuna aliyewahi kumbana mwenye nyumba akakubali kukata? Mlipitia serikali ya mtaa au mlikwenda moja kwa moja baraza la ardhi? Na kama una mkataba wenye kipengele cha usafi wakati wa kukabidhiana nyumba, tafadhali uuweke hapa, ficha majina.