Kama hakuna Mungu wa kutoa amri, maadili ya Ubuddha yanatoka wapi?

Mdadisi
Wakuu salama? Mimi nimekua najua Mungu ndio katoa amri, ukivunja una kesi naye. Sasa naanza kusoma Ubuddha nakuta hawana muumba anayeamuru lakini usiue, usiibe zipo palepale. Zina nguvu gani kama hakuna wa kukuhukumu? Naomba mnieleweshe taratibu.

Mwanafunzi wa Kale
Mkuu swali zito hilo. Anza na Siddhartha Gautama mwenyewe, kazaliwa Lumbini, leo ni Nepal, ukoo wa Sakya, na akiwa na miaka 29 akaacha mke na mtoto mchanga akaenda kutafuta kwanini binadamu anateseka. Alijinyima chakula mpaka mbavu zikahesabika, akaona hafiki popote, akala, akakaa chini ya mti pale Bodh Gaya, India, na kwenye miaka 35 hivi akazinduka, ndio maana ya Buddha, aliyeamka. Halafu akawafuata wenzake watano kule Sarnath, hukohuko India, akawaambia kuna mateso, chanzo chake ni tamaa, yanaweza kukoma, na njia yake ina sehemu nane. Yaani kama tabibu, anataja ugonjwa, chanzo, kama unapona, na dawa. Maadili yako ndani ya hiyo dawa, kusema vizuri, kutenda vizuri, kupata riziki bila kuumiza mtu.

Bi Taratibu
Naongezea hapo. Yale makatazo matano muumini anayatamka mwenyewe kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Ubuddha, nachukua zoezi la kujizuia kuua, kuiba, zinaa, uongo na ulevi. Zoezi ndugu yangu! Unajifunga mwenyewe. Na karma, yaani tendo ambalo matokeo yake yanamrudia mtendaji, kwao ni nia, kwahiyo aliyekanyaga mdudu bila kumuona hayuko sawa na aliyemkusudia.

Kuna kisa nakipenda sana, yule mtoto aliyeachwa, Rahula, baadaye alikuja kuwa mtawa mdogo kwa baba yake. Siku moja Buddha akambakishia tone la maji kwenye kata akamuuliza unayaona haya? Asiyeona aibu kusema uongo kwa makusudi, utawa wake ni mdogo hivi. Akayamwaga, akaifudikiza kata, akaigeuza tena ikiwa tupu. Halafu akamuuliza kioo ni cha nini, dogo akajibu cha kujitazamia, akaambiwa basi kila tendo ulitazame hivyohivyo kabla, wakati unalifanya na baada, je linakuumiza wewe au wengine?

Mdadisi
Aisee hiyo kata imenikaa kichwani. Kwahiyo nyama hawali kabisa?

Bi Taratibu
Inategemea. Watawa wa Theravada, tawi la Ubuddha la kule Sri Lanka na Thailand, wanapokea nyama wakipewa, mradi hawajaona, hawajasikia wala hawashuku kwamba mnyama kachinjwa kwa ajili yao. Watawa wa China wengi hawaigusi kabisa.